Ukuta wa Lang'ata Road: ardhi ya shule ya msingi na watu wanaopaswa kuilinda

Jumatatu, tarehe 19 Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirudi masomoni baada ya mgomo wa walimu wa takriban wiki mbili. Waliukuta uwanja wao wa michezo umetengwa kwa ukuta mpya. Siku hiyo hiyo waliandamana wakiwa na sare zao, pamoja na wanaharakati akiwemo mpiga picha Boniface Mwangi, wakausukuma ukuta huo. Polisi waliokuwa na mbwa wakawarushia vitoa machozi. Picha za watoto wa shule ya msingi wakikimbia ndani ya moshi zilizunguka dunia nzima kwa alama ya #OccupyPlayGround.

Serikali ilijibu upesi. Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Samuel Arachi, alimsimamisha kazi afisa aliyesimamia operesheni ile. Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Nkaissery, alifika shuleni akaomba radhi kwa niaba ya serikali. Waziri wa Ardhi, Charity Ngilu, alitaja hadharani kampuni na wakurugenzi aliosema ndio walio nyuma ya dai la kipande kile. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zote za umma zipatiwe hatimiliki. Uwanja ukarudi kwa watoto.

Taarifa nyingi zilikomea hapo, kwenye moshi na radhi. Lakini ukuta haujengwi kwa siku moja. Kabla fundi hajaweka jiwe la kwanza, mtu amekwenda na ramani, amepata namba ya kiwanja, amepata karatasi inayoonekana halali, na amehesabu siku ambazo shule haitakuwa na watu. Hatua zote hizo hupita mbele ya ofisi za umma. Ndiyo maana swali la kisa hiki ni la utawala: shule ile ilikuwa na walezi wengi, kila mmoja na sehemu yake, na katika mpango wote ule hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia mpaka.

Walezi wengi, faili moja

Shule za msingi za umma katika vitongoji vya Nairobi zina historia tofauti na za mashambani. Kijijini, shule nyingi ziliota kutokana na kanisa au harambee: jamii ilitoa ekari kadhaa na wazee wote walijua mpaka unapita kwenye mti gani. Mjini haikuwa hivyo. Wakati wa ukoloni shule ziligawanywa kwa rangi, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi na mtaa wake. Baada ya uhuru na ripoti ya Tume ya Ominde ya 1964 milango ilifunguliwa kwa wote, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikaziacha halmashauri za miji zikiendesha shule za msingi katika maeneo yake. Halmashauri ya Jiji la Nairobi ikawa mwenye majengo, mwenye kiwanja na mwenye faili. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliyoanza kazi 1967, ikawa mwajiri wa walimu. Wizara ya Elimu ikashika mtaala, mitihani na ukaguzi.

Mpango huo ulifanya kazi muda wote ambao jiji lilikuwa na maafisa wanaozifahamu shule zake. Kisha yakaja mawimbi matatu.

La kwanza lilikuwa ugawaji holela wa ardhi ya umma, hasa miaka ya 1980 na 1990. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2003 na kukabidhi ripoti yake 2004, ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Viwanja vya michezo, bustani, vyoo vya umma, hifadhi za barabara na ardhi za shule vilikuwa katikati ya ripoti hiyo.

La pili lilikuwa elimu ya bure ya 2003. Kwa mwaka mmoja, wanafunzi wa shule za msingi nchini walipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Shule za mijini zilifurika. Kila nguvu ya mwalimu mkuu na kamati ilikwenda kwenye madawati, vyoo, vitabu na madarasa ya watoto 80 au zaidi. Mpaka wa kiwanja haukuwa na mtu wa kuuwaza.

Fedha za mpango huo zenyewe zinaeleza mengi. Mgao wa mwanzo ulikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka, ukapandishwa baadaye hadi 1,420. Ile 1,020 iligawanywa katika akaunti mbili. Shilingi 650 ziliingia akaunti ya vifaa vya kufundishia, maarufu kama SIMBA, na 370 akaunti ya matumizi ya jumla. Chukua shule ya watoto 800: akaunti ya pili inapata shilingi 296,000 kwa mwaka, yaani pungufu ya 25,000 kwa mwezi. Humo mnatoka mshahara wa mlinzi na karani, maji, umeme, ukarabati, nauli, simu, posta na michezo. Kila matumizi yana fungu lake, na mkaguzi wa hesabu huuliza iwapo fedha zilihamishwa. Hakuna fungu la kumlipa mpimaji ardhi, wala la kufukuzia hati. Mwalimu mkuu aliyetaka kupima kiwanja ilimbidi akaombe wazazi, na wazazi walikuwa wameambiwa elimu ni bure.

Wimbi la tatu lilikuwa ugatuzi, na kwa mtazamo wetu hili ndilo lililoacha pengo kubwa kuliko yote. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kitaifa elimu ya msingi na kuziachia kaunti elimu ya chekechea. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 Halmashauri ya Jiji ikafa na Kaunti ya Nairobi ikazaliwa. Shule zilizokuwa za jiji zikawa chini ya wizara pale Jogoo House, lakini makabrasha ya viwanja, michoro ya mipango miji na barua za ugawaji vikabaki City Hall. Walimu ni wa TSC. Ardhi ya umma sasa ina msimamizi mwingine tena, Tume ya Kitaifa ya Ardhi, NLC, na msajili wa hati yuko chini ya Wizara ya Ardhi pale Ardhi House. Mwalimu mkuu anayetaka kujua shule yake ina ekari ngapi anaweza kupanda ngazi za ofisi nne na kila moja ikamwelekeza kwingine. Anayetaka kunyakua naye hupanda ngazi hizo hizo, ila yeye ana muda, ana wakili, na ana anayemfahamu ndani.

Kampeni ya Shule Yangu, iliyoanza 2015 baada ya kisa cha Lang'ata Road, ilipohesabu hali ilivyo ilitaja kwamba asilimia 83 ya shule za umma, katika zaidi ya shule 29,000, hazikuwa na hatimiliki. Kwa hiyo jambo la kushangaza si kwamba uwanja mmoja ulizungushiwa ukuta. Ni kwamba nyingi zaidi hazijazungushiwa.

Kipande kinavyotoka

Ardhi ya shule ya mjini hupotea kwa njia chache zinazojirudia, na ni vizuri kuzitofautisha kwa sababu kila moja ina dawa yake.

Njia kongwe ni ya kiwanja kilichosalimishwa bila kuandikishwa. Mwenye shamba kubwa anapoligawa kujenga mtaa, halmashauri humpa idhini kwa sharti kwamba asalimishe bure vipande vya huduma za umma: barabara, shule, zahanati, uwanja. Katika mchoro vipande hivyo hupakwa rangi na kuandikwa matumizi yake. Kinachotakiwa kufuata ni hati ya usalimishaji kusajiliwa na namba mpya kutolewa kwa jina la umma. Mara nyingi hatua hiyo haikufanyika. Shule ilijengwa, watoto wakasoma miaka thelathini, na katika sajili kipande kile bado kiko kwa jina la kampuni ya awali. Mrithi au mnunuzi wa kampuni hiyo anapofufuka, ana hati mkononi na shule haina.

Njia ya pili ni mgawo juu ya mgawo. Chini ya Sheria ya Ardhi za Serikali iliyofutwa 2012, ardhi iliyoweza kugawiwa mtu binafsi ilikuwa ile ambayo haijagawiwa wala kutengwa kwa kazi nyingine. Kiwanja cha shule kilikuwa kimekwisha kutengwa. Lakini barua za ugawaji zilitolewa kwa kuandaa mchoro mpya wa sehemu ndogo unaokata kona ya shule na kuiita kiwanja kisicho na mwenyewe. Uwanja wa michezo ndio unaokatwa kwanza, kwa kuwa hauna jengo. Kwenye ramani uwanja wa mpira huonekana mtupu, na mtu asiyetaka kuona watoto hawaoni.

Kuna pia njia inayopitia lango la mbele la shule, nayo inauma zaidi kwa sababu wenyewe hutia sahihi. Mfanyabiashara anakuja na ahadi ya kujenga madarasa mawili na choo, naye apewe "kile kipande cha nyuma mnachotupia takataka". Au kampuni inaomba nafasi ya mlingoti wa simu. Au kanisa linaomba kusali chini ya turubai Jumapili, baada ya miaka mitatu turubai ni mabati, baada ya sita ni mawe. Vibanda vya kuuza viazi karai na mandazi kando ya lango huanza kwa huruma na huishia kwa wakili. Bodi ya shule haina mamlaka ya kutoa, kubadilishana wala kuuza hata futi moja ya ardhi ya umma. Karatasi iliyotiwa sahihi na mwenyekiti wa bodi haihamishi umiliki, lakini huwa kielelezo kizuri sana mikononi mwa anayetaka kuonyesha kwamba shule iliridhia.

Na wakati wa kujenga hauchaguliwi ovyo. Ukuta hupanda Agosti, Disemba, wakati wa mgomo, wikendi ya sikukuu. Ule wa Lang'ata Road ulipanda shule ikiwa haina watoto. Likizo inapoanza, mlinzi mmoja wa usiku anayelipwa kutoka kwenye zile shilingi 370 hawezi kulizuia lori la mawe lenye watu kumi na barua yenye mhuri.

Bodi na viti vyake

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilifuta kamati za zamani na kuweka Bodi ya Usimamizi kwa kila shule ya umma. Kifungu cha 56 kinaeleza wajumbe: sita wa kuchaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii, mmoja aliyeteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mwalimu mmoja aliyechaguliwa na wenzake, watatu wa mfadhili wa shule, mmoja wa makundi yenye maslahi maalumu, mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu, na mwakilishi wa wanafunzi. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Kipindi cha mjumbe ni miaka mitatu.

Ukisoma kifungu cha 59, kinachotaja kazi za bodi, utaona maneno kama kukuza maslahi ya shule, kuhakikisha kuna majengo na vifaa vya kutosha, kusimamia rasilimali, kupokea na kutolea hesabu fedha. Ardhi imo ndani ya neno "rasilimali", lakini neno pana kiasi hicho halimwamshi mtu usiku. Bodi nyingi huelewa wajibu wao kuwa ni fedha na nidhamu. Ajenda za mkutano wa kawaida ni taarifa ya mwalimu mkuu, matokeo ya mitihani, hesabu, ukarabati, mengineyo. Mpaka wa shule, ukitajwa, hutajwa kwenye mengineyo, saa kumi na moja jioni, watu wamekwisha kushika mikoba.

Kifungu hicho hicho cha 56 kinaruhusu bodi kuongeza hadi wajumbe watatu wenye ujuzi ambao bodi inauhitaji. Kwa shule ya kitongojini, ambako kila ekari ina mtu anayeitamani, kiti kimoja kati ya hivyo vitatu kinapaswa kuwa cha mpimaji ardhi, mpangaji miji au wakili wa masuala ya ardhi. Katika mitaa ya Nairobi hakukosekani mzazi wa fani hiyo. Wengi hawajawahi kuombwa, na viti hivi mara nyingi hupewa wenye uwezo wa kuchangia.

Tatizo jingine ni kumbukumbu. Mjumbe hukaa miaka mitatu, mwalimu mkuu huhamishwa na TSC. Dai la ardhi hudumu miaka ishirini. Mwalimu mkuu anapohama, huandika taarifa ya makabidhiano: salio la benki, vitabu, madawati, funguo, orodha ya walimu. Ukurasa wa ardhi haupo. Anayeingia hukabidhiwa shule bila kuonyeshwa jiwe hata moja la mpaka, na mtu anayekuja mwezi wa pili akidai ukuta wake ulikuwepo tangu zamani hakuna wa kumbishia.

Hapa kuna jambo la watoto walioandamana. Wapo waliolaumu wanaharakati kwamba waliwatanguliza watoto mbele ya polisi. Lawama hiyo ina uzito. Mtoto wa darasa la tatu hapaswi kuwa mtu wa kuangusha ukuta, na yeyote anayepanga maandamano karibu na shule lazima ahesabu uwezekano wa mabomu ya machozi kabla ya kuhesabu kamera. Lakini lawama hiyo haiwezi kusimama peke yake. Ibara ya 53 ya Katiba inasema maslahi bora ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kila afisa aliyepitisha karatasi ya kipande kile alikuwa akiamua jambo linalomhusu mtoto, miaka mingi kabla ya Januari ile, na hakuna aliyemrushia yeye gesi.

Sheria imesimama wapi

Wazazi wengi hukata tamaa wakishaonyeshwa hati. Hudhani mwenye karatasi ameshinda. Sivyo.

Ibara ya 40(6) ya Katiba inasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaichukulia hati kuwa ushahidi wa umiliki, lakini kinaruhusu ipingwe ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa mpango wa kifisadi. Na Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa Aprili 2023 kwenye kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ilifunga mlango uliokuwa ukitumiwa sana. Kesi ile ilihusu kiwanja cha Nyali, kando ya bahari, kilichokuwa kimetengwa kuwa eneo la wazi la umma. Mahakama ilisema mgawo wa kwanza ukiwa haramu, mnunuzi wa baadaye hawezi kujificha nyuma ya kusema alinunua kwa nia njema. Anayenunua ana wajibu wa kuchunguza shina la hati na si jani la juu tu. Kwa shule zenye kesi, uamuzi huu una thamani kubwa kuliko maagizo mengi ya kisiasa.

Dai jingine linalotishia wazazi ni la muda: "nimekaa hapa zaidi ya miaka kumi na miwili." Kanuni ya kupata ardhi kwa kuikalia miaka 12 ipo katika Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, lakini kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinaiondoa ardhi ya serikali na ya umma. Kibanda kilichokaa miaka ishirini kwenye ardhi ya shule kimekaa tu.

Palipo na udhaifu ni kwenye njia ya haraka. NLC ilipewa na kifungu cha 14 cha sheria yake ya 2012 uwezo wa kupitia upya hati za ardhi ya umma na kupendekeza zifutwe, lakini kwa miaka mitano tu. Muda huo uliisha 2017. Tangu hapo njia kuu imekuwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, pamoja na Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC, ambayo inaweza kufungua kesi ya kurejesha mali ya umma. Kesi huchukua miaka. Kwa hiyo kinachookoa uwanja ni kazi iliyofanywa kabla.

Kazi yenyewe, kwa mpangilio wake

Kazi hii inaanzia kabatini. Kusanya kila karatasi inayotaja kiwanja: cheti cha usajili wa shule, barua ya ugawaji, mchoro wa mpango wa eneo, idhini ya mgawanyo wa shamba la awali, mihtasari ya zamani ya kamati, ankara kongwe za maji na umeme, picha za hafla zilizopigwa uwanjani. Picha ya mashindano ya riadha ya 1988 yenye goli na mti nyuma yake ni ushahidi. Tengeneza nakala tatu: moja ofisini, moja kwa mwenyekiti, moja nje ya shule kabisa, kwa sababu ofisi za walimu wakuu huibwa na huungua.

Pata namba ya kiwanja. Nairobi ina mifumo zaidi ya mmoja: viwanja vya zamani hutambuliwa kwa namba ya L.R. (Land Reference, yaani namba ya rejea ya ardhi) na huwa na mchoro wa hati, vingine viko kwenye mabloku na hutambuliwa kwa ramani ya usajili. Kama namba haijulikani, ianzie Idara ya Upimaji pale Ruaraka kwa kutafuta ramani ya upimaji ya eneo. Usianze na namba uliyopewa na jirani mwenye mgogoro nawe.

Kisha fanya upekuzi rasmi wa sajili. Kwa Nairobi huduma hiyo imehamia mtandao wa Ardhisasa tangu Aprili 2021. Soma mambo manne: jina la mwenye kiwanja, ukubwa, aina ya umiliki na muda wake, na vikwazo vilivyoandikwa. Rudia kila mwaka, na weka jibu kwenye faili hata kama halijabadilika. Hati ya kughushi huingia kimya, na tarehe ya upekuzi wa mwisho uliokuwa safi ndiyo itakayoonyesha iliingia lini.

Halafu leta mpimaji aliyesajiliwa arejeshe mawe ya mpaka. Hapa makosa ni mengi. Shule hujenga ua mahali ambapo majani yanaishia, wala si mahali mawe yalipo, na kipande kilicho nje ya ua huhesabiwa kuwa kimeachwa. Wengine humtumia fundi wa ua mwenye futi kamba. Mpimaji atatafuta nguzo za chuma zilizofukiwa kwenye zege, atalinganisha umbali kati yake na ramani, na atakuachia mchoro wenye sahihi na namba ya leseni. Jiwe lililong'olewa lirudishwe na yeye, si na mwenyekiti. Baada ya hapo paka mawe rangi nyeupe na panda miti kwenye mstari. Miti ni ukuta wa bei nafuu, tena haihamishiki usiku.

Kama hakuna hati, bodi huandika kupitia mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo kwenda NLC na idara ya mipango miji ya kaunti kuomba mchoro uidhinishwe, barua ya ugawaji au ya kutengwa itolewe, upimaji ufanyike na hati isajiliwe. Barua ya ugawaji si hati. Ina masharti na tarehe ya mwisho ya kukubali, na barua nyingi za shule zilikufa kwa sababu hakuna aliyejibu. Hati yenyewe kwa kawaida huandikwa kwa jina la mdhamini wa umma, mara nyingi Waziri wa Hazina ya Kitaifa kwa niaba ya shule. Wazazi wasishtuke kutoona jina la shule peke yake, na wasikubali kamwe jina la mwenyekiti, mfadhili au diwani.

Hatua ya kusubiri hati inaweza kuchukua miaka, na hapo ndipo kizuizi cha msajili kinapofaa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ina vyombo viwili vinavyochanganywa. Tahadhari ya kifungu cha 71 huwekwa na mwenye dai, naye mwenye hati anaweza kuomba iondolewe. Zuio la kifungu cha 76 huwekwa na msajili mwenyewe ili kuzuia ulaghai au miamala isiyofaa. Shule iombe la pili, kwa barua yenye azimio la bodi, ramani na upekuzi.

Lori likifika kabla ya yote hayo kukamilika, saa 24 za kwanza zina kazi zake. Piga picha zenye tarehe. Andika ripoti polisi na upate namba ya kitabu cha matukio. Peleka barua ya siku hiyo hiyo kwa mkurugenzi wa elimu, NLC na EACC, kila moja igongwe mhuri wa kupokelewa. Tafuta wakili aombe agizo la zuio la muda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ipewe nakala, kwani ardhi ni ya umma. Wazazi wajulishwe kwa mkutano, nao watu wazima ndio watakaosimama langoni. Watoto wabaki darasani.

Uwanja unaoliwa kutoka ndani

Tangu Januari 2023 shule za msingi za Kenya zimeongezewa hatua kwa hatua gredi ya 7, 8 na 9, yaani sekondari ya chini. Madarasa mapya na maabara lazima vijengwe mahali, na katika shule za kitongojini mahali ni pale pale palipo patupu. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya chini ulipangwa kuwa shilingi 15,042 kwa mwaka, mara nyingi zaidi ya ule wa mtoto wa msingi, kwa hiyo msukumo wa kujenga upande huo ni mkubwa. Tumeona michoro inayoweka madarasa manne ya ghorofa ya chini katikati ya uwanja wa mpira kwa kuwa msingi wa ghorofa ni ghali. Hakuna mnyakuzi hapo, wala mtu mbaya. Lakini mtoto wa gredi ya pili hajui tofauti kati ya ukuta wa kampuni na ukuta wa darasa pale anapotafuta mahali pa kukimbia.

Bodi inayopanga jengo jipya ianze kwa mchoro wa kiwanja kizima wenye vipimo, uwanja ukiwa umechorwa kama chumba kingine chochote na kuandikwa ukubwa wake. Jengo liende pembeni na lijengewe msingi wa kubeba ghorofa moja au mbili za baadaye, hata kama leo fedha zinatosha chini tu. Mchoro huo upitishwe kwa azimio, ubandikwe ofisini, na uingizwe kwenye taarifa ya makabidhiano pamoja na orodha ya mawe ya mpaka, umbali kati ya jiwe na jiwe, na tarehe ambayo mwalimu mkuu anayeondoka aliutembea mpaka wote kwa miguu pamoja na anayeingia.